Taa Inayojiwasha Nyumbani kwa Mzee: Tununue Ipi, Tuifunge Wapi

Anayemnunulia mama yake au babu yake taa ya kujiwasha huuliza swali moja dukani: hii inaona umbali gani? Muuzaji atasema mita nane, wa duka la pili atasema kumi na mbili, biashara imekwisha. Swali hilo linamfaa mwenye kulinda geti. Kwa mzee anayeamka saa nane usiku kwenda msalani, swali zito ni jingine: siku taa hii itakaposhindwa kazi, itashindwa ikiwa imewaka au ikiwa imezimika? Taa inayokosea kwa kuwaka bila sababu inaudhi tu. Inayokosea kwa kukataa kuwaka inavunja nyonga. Karibu kila nitakalosema hapa linatokana na tofauti hiyo.

Na nyonga si mfano wa kutisha watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Usiku una hatari zake: dawa za presha zinazoongeza mkojo, kisukari, tezi dume, usingizi mwepesi, halafu kile kizunguzungu cha kuinuka ghafla kitandani. Taa haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Inachoweza ni kumwonyesha kizingiti, ndala iliyogeuka, na maji yaliyomwagika sakafuni.

Mwanga wa kiasi gani?

Wengi wetu hupima taa kwa macho yetu wenyewe, na macho yetu hayafai kwa kazi hiyo. Kadiri umri unavyokwenda, mboni hupungua upana na lenzi ya jicho huingia umanjano. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa mwanga ni kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi ndani kama theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo ukumbi unaouona wewe una mwanga wa kutosha unaweza kuwa giza kwa mama yako.

Hapo ndipo mtu hukimbilia kununua globu kali, naye anakosea upande wa pili. Jicho lililozoea giza likipigwa ghafla na taa nyeupe ya dari huona weupe mtupu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo anazopiga hatua za kwanza. Mwenye mtoto wa jicho hupata taabu zaidi, maana mwanga hutawanyika ndani ya jicho lake na kufunika kila kitu. Taa ikishazimika, jicho linahitaji hata nusu saa kuzoea giza tena, na la mzee huchelewa kuliko hapo. Kinachofaa ni mwanga hafifu, wa chini, wenye rangi ya joto, katika sehemu kadhaa za njia. Kwenye boksi tafuta namba 2700K au 3000K. Taa zilizojaa madukani kwetu ni za 6500K, zile nyeupe zenye samawati, ambazo huumiza macho usiku na pia hufukuza usingizi kwa sababu mwanga wa samawati huuambia mwili kwamba kumekucha.

Kwa njia ya kutoka kitandani, taa ya lumeni 10 hadi 40 iliyofungwa usawa wa goti inatosha kabisa. Chooni panahitaji zaidi, kama lumeni 200 au 300, kwa kuwa pale mtu anainama, anageuka, anatafuta kopo na bomba. Taa ya chini ina faida ambayo ya dari haina: huangaza sakafu bila kumwangaza mtu usoni, na kila kilichoinuka, iwe kona ya mkeka au ukingo wa ngazi, hutoa kivuli kinachoonekana. Taa ya dari iliyo nyuma ya mzee humtupia kivuli chake mwenyewe palepale anapotaka kukanyaga.

Kihisi kinaona nini hasa

Taa nyingi za sensa zinazouzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, hutumia kihisi cha joto. Kihisi hiki hakitoi mwale wowote. Kinapokea mawimbi ya joto yanayotoka mwilini, na ile kofia nyeupe ya plastiki iliyo mbele yake ni lenzi iliyogawanywa vipande vipande, kila kipande kikitazama ukanda wake wa chumba. Joto linapohama kutoka ukanda mmoja hadi mwingine, umeme mdogo huzalishwa ndani, na taa huwaka. Ukielewa hilo, unaelewa kwa nini taa ileile husifiwa nyumba moja na kulaaniwa nyumba ya pili.

Kwanza, kihisi cha joto humwona vizuri anayekatiza mbele yake, na humwona vibaya anayekijia moja kwa moja, kwa sababu huyo wa pili hukaa muda mrefu ndani ya ukanda uleule. Fundi akipewa ukumbi mrefu hupenda kufunga kihisi mwisho wake, kikitazama mlango wa chumba cha mzee. Kwa macho panaonekana ni mahali pazuri, kumbe ndipo pabaya kuliko pote. Kifungwe ukuta wa ubavuni, karibu na mlango, ili hatua ya kwanza tu ya kutoka chumbani iwe ya kukatiza.

Pili, na hili ndilo huwapata watu wa pwani bila wao kujua: kihisi hakipimi joto la mwili peke yake, kinapima tofauti kati ya mwili na ukuta ulio nyuma yake. Ngozi ya mtu ina nyuzijoto 33 hivi. Lushoto au Kericho usiku wa Julai, tofauti ni kubwa, mtu anang'aa mbele ya kihisi. Tanga, Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, ndani ya chumba chenye mabati yasiyo na dari, kuta zinaweza kuwa bado na nyuzi 30 saa nne za usiku. Tofauti imebaki ndogo mno. Kihisi kilichomwona mtu kwa mita sita wakati wa baridi huenda kikamwona kwa mita mbili, au kisimwone kabisa ikiwa anatembea polepole na amejifunika khanga mwili mzima. Ule umbali ulioandikwa kwenye boksi haukupimwa Februari pwani. Kwa hiyo anayefunga taa hizi katika nyumba ya pwani azijaribu wakati wa joto, usiku, na aziweke karibukaribu kuliko maelezo yanavyosema.

Tatu, mtu akitulia, kwa kihisi cha joto hayupo. Anayeburuta miguu au kusukuma fremu ya kutembelea hutembea kwa mwendo ambao vihisi vya bei rahisi hukaribia kuukosa. Na mahali mzee anapotulia kuliko kwingine ni chooni. Taa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuzimika baada ya sekunde 30 au dakika moja. Fikiria mtu wa miaka themanini amechuchumaa kwenye choo cha shimo, taa inazimika, naye anapunga mkono hewani ili iwake tena. Huko ndiko kupoteza mizani kwenyewe. Kifundo kilichoandikwa TIME ndicho kipimo changu cha kwanza cha ununuzi: kama taa haina kifundo hicho, au kikomo chake hakifiki dakika tano, isiingie chooni. Iende stoo.

Yapo mambo madogo yanayofaa kujulikana. Kihisi cha joto hakioni kupitia kioo, kwa hiyo globu ya kihisi ukiivalisha kombe la kioo umeipofusha. Chandarua kikining'inia mbele yake hupunguza uwezo wake. Ukikielekeza kitandani, kila mzee akijigeuza taa inawaka, na baada ya siku chache ataiondoa mwenyewe. Kielekezwe sakafuni kando ya kitanda, chini ya usawa wa godoro, ili kiamshwe na miguu tu. Mdudu au mjusi akitembea juu ya lenzi yenyewe, taa huwaka. Taa ikiwaka wadudu huja, na wadudu wakija mijusi hufuata, basi ukumbi mzima unakuwa na sherehe. Tena dari za nyumba za zamani, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ziko juu sana. Vihisi vya dari vimekusudiwa kimo cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo katika nyumba hizo vifungwe ukutani.

Aina ya pili ni kihisi cha mawimbi madogo ya redio, ambacho kwa kawaida hutumia masafa ya 5.8 GHz. Hiki hutuma mawimbi na kusikiliza jinsi yanavyorudi kutoka kwenye kitu kinachosogea. Joto la Februari hakilijui, na huona hata kikiwa ndani ya kombe la kioo au plastiki. Ubaya wake ni kuona kupita kiasi. Mlango wa mbao na ukuta mwembamba wa jipsamu havikizuii, kwa hiyo mjukuu akipita upande wa pili, taa ya babu inawaka. Feni ya dari hukichanganya, na pazia linalopeperuka pia. Mabati huyarudisha mawimbi yake ovyo, ilhali ukuta mnene wa mawe huyazuia vizuri. Kwa nyumba ya mawe au ya matofali isiyo na feni ukumbini, pwani, ningechagua hiki kabla ya kile cha joto, kwa kuwa makosa yake mengi ni ya kuwaka bila sababu, na kosa la namna hiyo tumekubaliana kulivumilia.

Siku hizi zinakuja taa zenye rada ndogo ya 24 au 60 GHz, inayoweza kugundua hata kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi. Kwa choo ni jawabu zuri kabisa, maana aliyetulia bado anaonekana. Lakini nyingi hupangwa kwa simu, bei yake haijatulia, na mafundi wa mitaani hawajazizoea. Zisubiri kidogo, isipokuwa kama ndani ya familia yupo kijana anayeweza kuzitunza.

Umeme ukikatika

Hakuna uchambuzi wa taa Afrika Mashariki unaoweza kuruka jambo hili. Zanzibar ilikaa kwa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mwezi Juni 2016 tumbili mmoja aliingia kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na kuiweka Kenya nzima gizani kwa saa kadhaa, tumbili akapona. Hayo ni makubwa. Madogo ni ya kila wiki: mvua, nguzo, transfoma, au uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuisha saa sita usiku huku mwenye simu ya kununulia amelala mji mwingine.

Taa inayotegemea umeme wa ukutani peke yake, basi, haiwezi kuitwa ya kutegemewa, hata iwe ya kampuni gani. Upo mtego ambao wengi huingia kwa nia njema. Mtu hununua zile balbu za kuchaji, ambazo hubaki zikiwaka umeme ukikatika, halafu anaziunganisha na kihisi tofauti cha ukutani. Umeme ukikatika, rilei iliyo ndani ya kihisi huachia na kukata njia ya waya. Balbu hujua kwamba imezimwa kwa kuangalia kama njia hiyo imekatwa, basi inaamini mtu amezima swichi, nayo inakaa kimya. Umelipia vitu viwili na kila kimoja kimemlemaza mwenzake. Balbu ya kuchaji iende kwenye swichi ya kawaida inayoachwa imewashwa, au itafutwe taa iliyotengenezwa na betri na kihisi ndani ya kasha moja.

Umeme unaporudi, vihisi vingi vya joto huhitaji nusu dakika hadi dakika moja kujiweka sawa, na huwasha taa katika muda huo. Si ubovu. Mweleze mzee mapema, asidhani nyumba ina mgeni.

Taa ndogo za betri zinazobandikwa zina mvuto wake: hazihitaji fundi, hazijali shirika la umeme, TANESCO, na ukizikosea mahali unazihamisha. Udhaifu wake unajulikana hata kabla hujafungua boksi, nao ni kwamba siku moja betri itaisha na hakuna atakayejua mpaka usiku. Gundi yake pia haishiki kwenye ukuta wa chokaa. Itadondoka nayo ikachukua tabaka la rangi. Ifungwe kwa skrubu. Za kuchaji kwa waya wa simu ni bora kuliko za betri za kutupa, ilimradi ziwe mbili kwa kila mahali, moja kazini na nyingine chajini, na zibadilishwe siku maalumu ambayo nyumba ina utaratibu wake tayari, kama Ijumaa au Jumapili asubuhi. Kwa wanaotumia betri za kutupa, zile za bei ya chini kabisa huvuja na kula shaba ya ndani. Nunua za alkalini.

Kwa choo cha nje na njia ya uani, sola ndiyo jibu, lakini si ile ya kwanza utakayoonyeshwa. Kuna taa za plastiki zenye ukubwa wa kiganja zilizoandikwa wati 300. Hesabu ni rahisi. Paneli ndogo ya wati mbili, ikipata jua zuri kwa saa tano, hukusanya wati-saa kumi kwa siku. Taa ya kweli ya wati 300 ingezimaliza hizo ndani ya dakika mbili. Kwa hiyo usisome wati; tazama ukubwa wa paneli na uzito wa betri. Ninayoipendelea ni ile ambayo paneli yake imetengwa na taa kwa waya, ili paneli ikae juu ya paa kwenye jua na taa ikae chini ya baraza penye kivuli. Iwe na hali ya kuwaka hafifu usiku kucha na kuongezeka mtu anapokaribia, kwa kuwa hata kihisi kikimkosa mzee, ule uhafifu utakuwepo. Kasha liwe na alama ya IP65, ya kuzuia maji na vumbi. Mwezi wa Aprili, masika yakikaza kwa siku nne mfululizo, taa ya sola itachoka kabla ya alfajiri. Kipindi hicho tochi ya mkononi irudi kando ya kitanda. Karibu na bahari skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na paneli ifutwe chumvi na vumbi.

Jambo moja kwa ndugu walio ughaibuni. Taa za kuchomeka soketini kutoka Marekani na Kanada zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na nyingi zitaungua mara tu zikiingia kwenye soketi ya volti 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya. Zinazotoka Uingereza, Oman au Dubai zinaingia moja kwa moja, kwa volti na kwa plagi ya pini tatu. Taa zinazoendeshwa kwa programu ya simu ni nzuri kwa mwana aliye London anayetaka kujua kama mama ameamka, lakini zisiachiwe jukumu la kumwangazia njia. Intaneti ya nyumbani huzimika pamoja na umeme, na yule anayejua nywila ndiye aliyesafiri.

Swichi, hofu na watu wa nyumbani

Adui mkubwa wa taa ya kihisi si joto wala TANESCO. Ni kidole cha bibi kwenye swichi. Mtu aliyelea watoto saba kwa kuhesabu mafuta ya taa, akahamia kwenye umeme wa kulipia kabla, hawezi kuacha swichi imewashwa mchana kutwa. "Zima hiyo, uniti zinaisha," atasema, na atazima mwenyewe. Globu ya kihisi iliyokatiwa umeme kwenye swichi ni globu mfu. Kumhubiria hakusaidii. Mwite fundi.

Na fundi apewe kazi hii maalumu: swichi ya ukutani isikatishe umeme unaoingia kwenye kihisi, bali iunganishwe sambamba nacho. Kihisi kinapata umeme saa zote. Swichi ikizimwa, kihisi ndicho kinachoamua. Swichi ikiwashwa, taa inawaka bila kukisikiliza kihisi. Kwa mpango huu bibi anaweza kuzima anavyopenda bila kuharibu kitu, na siku kihisi kikifa, taa bado inawashwa kwa mkono. Ni waya mmoja wa ziada, lakini sijaona kinachoongeza uhakika kuliko huo. Fundi atalalamika kwamba kwenye kisanduku cha swichi hakuna waya wa nyutro, na mara nyingi atakuwa anasema kweli, kwa kuwa nyumba zetu nyingi hushusha waya wa moto peke yake hadi kwenye swichi. Basi kihisi kikae juu, kwenye taa, ambako nyutro ipo. Vile vihisi vya waya mbili vinavyodai kutohitaji nyutro hupitisha umeme kidogo kupitia taa, na taa za LED hujibu kwa kumetameta au kubaki na mwanga wa kimzimu usiku kucha.

Tukizungumzia mizimu: taa inayowaka yenyewe katika nyumba ya mtu anayelala peke yake si kitu kidogo. Atauliza, "Nani yuko hapo?" na akikosa jibu atakaa macho hadi alfajiri, au mbaya zaidi atatoka nje kumtafuta mwizi ambaye ni paka. Kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu hofu hiyo hujirudia kila usiku, kana kwamba hajawahi kuelezwa. Ndiyo maana taa ya nje isimulike dirisha la chumba chake, na ndiyo maana ya ndani ifungwe mchana, yeye akiwepo, apite mbele yake mara kadhaa, acheke nayo. Akiikataa, mkubalie. Taa iliyofungwa kwa nguvu hufunikwa kitambaa wiki hiyohiyo.

Soketi nazo zina siasa zake. Taa ya kuchomeka iliyowekwa kwenye soketi pekee ya ukumbini itang'olewa jioni ya kwanza ambapo mjukuu anataka kuchaji simu. Tafuta soketi isiyo na mpinzani, au uongeze nyingine.

Je, tunahitaji kihisi kweli?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji, pamoja na baadhi ya wasomaji. Sababu inayotolewa ya kununua kihisi ni kuokoa umeme. Taa ya LED ya wati moja ikiwaka saa 12 kila usiku, mwaka mzima, hutumia uniti nne na nusu hivi. Kwa mwaka! Hakuna kihisi kinachorudisha bei yake kwa akiba ya namna hiyo. Wazee wetu waliokuwa wakilala na kandili iliyoshushwa utambi, mwanga wa kuonea njia tu, walikuwa na mpango wa kutegemewa kuliko vifaa vingi vya leo: hakuna cha kugundua, hakuna cha kungoja, taa ipo.

Kihisi kina kazi zake halali. Kinafaa chooni, ambako mwanga mkubwa unahitajika kwa dakika chache, na ambako kutafuta swichi kwa mkono wenye maji si salama. Kinafaa ngazini, ambako mikono yote inapaswa kushika kuta au reli. Kinafaa nje, ambako betri ya sola haiwezi kubeba mwanga mkubwa usiku kucha. Kinafaa pia chumbani kwa mtu ambaye usingizi wake huvurugwa na mwanga wowote. Lakini kwa njia ya kati, kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa choo, taa hafifu inayowaka magharibi na kuzimika asubuhi kwa kijicho cha kupima mwanga wa jua inashinda. Kijicho hicho kina kazi moja tu kwa siku, na kikiharibika mara nyingi taa hubaki imewaka.

Kwa hiyo nyumba ya vyumba vitatu ya bibi wa Tanga ningeipanga hivi. Ukumbini taa mbili hafifu za rangi ya joto, za usiku kucha, moja ikiwa na betri ndani. Kando ya kitanda kihisi kidogo cha kuchaji, kinachotazama sakafu. Chooni taa ya kihisi cha mawimbi iliyopangwa dakika tano au zaidi, na swichi yake sambamba. Uani taa ya sola yenye paneli ya kutengwa. Chini ya mto, tochi. Mkeka wa ukumbini uondolewe, na ukingo wa ngazi upakwe mstari mweupe, maana hayo mawili hayahitaji betri.

Dukani, kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke. Geuza kifundo cha TIME hadi mwanzo na kile cha LUX hadi kwenye alama ya jua ili iweze kuwaka mchana, subiri dakika nzima itulie, halafu pita mbele yake kwa mwendo wa mzee, hatua fupi, mikono imebanwa. Ikikukosa mara moja kati ya kumi, irudishe. Nyumbani ijaribiwe na mzee mwenyewe, usiku, kwa ndala zake na fimbo yake.

Na kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, usinunue kihisi. Nunua taa hafifu ya ukumbini yenye betri, iwake usiku kucha.